Ujira wa Mpokezi

Mwezi wa Aprili 1998, katika mkutano wa kimataifa wa wavuti uliofanyika Brisbane, Australia, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sergey Brin na Larry Page, waliwasilisha makala juu ya Google, injini ya kutafutia waliyokuwa wameijenga chuoni kwao. Wengi huisoma makala hiyo kwa ajili ya hesabu zake. Mimi huirudia kwa ajili ya nyongeza fupi iliyowekwa mwishoni, baada ya makala yenyewe kwisha, ambapo vijana hao wanazungumzia malipo.

Mimi nasomesha mustalahi wa hadithi, elimu ya kupima habari za Mtume na walioipokea, kwa wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri. Makala ile niliipata kwa mwanafunzi wangu anayesomea kompyuta. Aliichapisha, akaipigia mistari ile nyongeza, akaniletea darasani. "Ustadha," akasema, "hili si lile suala la Ibn as-Salah? La mpokezi wa hadithi anayechukua ujira?"

Ndilo lenyewe. Na kwa kuwa watu wengi leo hawaulizi tena jirani, mwalimu wala kitabu kabla ya kuuliza kile kisanduku cheupe cha Google, naona ni suala la dini kama lilivyo la biashara. Aliyekabidhiwa kazi ya kuwaonyesha wenzake pa kupata habari amebeba amana. Je, ana ruhusa ya kulipwa kwa kazi hiyo? Na akilipwa, mlipaji awe nani?

Kwanza tuwape vijana hawa haki yao, kwani walichokifanya kilikuwa kitu kikubwa. Kabla yao zilikuwapo injini nyingi: AltaVista, iliyotoka kampuni ya Digital mwaka 1995, na Excite, na Lycos, na nyinginezo. Nyingi kati ya hizo zilitegemea sana maneno ya ukurasa wenyewe. Ukurasa uliorudia neno mara nyingi ulionekana unalihusu neno hilo zaidi. Wajanja wakajua. Wakajaza kurasa zao maneno ambayo msomaji hayaoni, yameandikwa kwa rangi ileile ya ukurasa, ili injini tu iyasome. Brin na Page wanaeleza kwamba Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za kibiashara, ni moja tu iliyoweza kujipata yenyewe ilipotafutwa kwa jina lake katika matokeo kumi ya mwanzo.

Mwanafunzi wa hadithi anaijua hali hiyo. Ni matini bila isnadi, yaani bila mlolongo wa wapokezi, maneno yanayojishuhudia yenyewe. Ibn Sirin ameeleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiuliza habari imepokewa kwa nani. Ilipozuka fitina ndipo wakaanza kudai watajiwe wapokezi, wapate kumjua wa kumkubali na wa kumkataa. Ibn al-Mubarak naye aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini, kwa hoja kwamba isingekuwapo, kila mtu angesema atakalo. Wavuti wa mwaka 1997 ulikuwa umefika hapo: kila ukurasa ulisema utakalo, na hapakuwa na wa kuuliza umeletwa na nani.

Larry Page alikuwa mtoto wa profesa wa kompyuta huko Michigan. Sergey Brin, mzaliwa wa Moscow, aliletwa Marekani na wazazi wake mwaka 1979 akiwa mdogo, na baba yake alikuwa mwanahisabati. Wote wawili walikulia katika nyumba ambazo makala ya kitaaluma ilipimwa kwa kuangalia ni nani wengine wameitaja. Mwaka 1996 Page akaanza kukusanya viungo vya wavuti, akianzia kwenye ukurasa wake mwenyewe pale Stanford. Hakushughulika sana na ukurasa unaelekeza wapi. Alitaka kujua ni nani wanaouelekezea. Kutoka kwenye ukurasa kwenda mbele ni rahisi, unabofya tu. Kujua nyuma yako wamesimama nani, hilo wavuti haukuwa na njia ya kukuambia.

Hesabu waliyoiunda inasomeka bila kuwa mtaalamu. Kila ukurasa una uzito wake, na ukielekeza kwenye kurasa nyingine, huzigawia uzito huo sawasawa. Anayewataja wawili humpa kila mmoja nusu. Anayewataja mia, kila mmoja hupata kidogo mno. Uzito wa anayetaja nao unatokana na waliomtaja yeye, na wa hao unatokana na waliowataja wao, kwa hiyo hesabu huzungushwa tena na tena mpaka namba zitulie. Waliandika kwamba kwa kurasa milioni 26 kompyuta ya wastani ilimaliza kazi hiyo kwa saa chache. Tena hawakuridhika na kuhesabu tu. Yale maneno ambayo wengine waliyatumia kuutaja ukurasa, waliyachukua kuwa ni maelezo ya ukurasa huo, wakijua kwamba mara nyingi jirani humweleza mtu vizuri kuliko anavyojieleza mwenyewe.

Nilipofika hapo katika kusoma nilihisi furaha ya kweli. Watu ambao labda hawajawahi kufungua kitabu kimoja cha Imamu Muslim walikuwa wamegundua, kwa shida yao wenyewe, kwamba habari haipimwi kwa sauti yake. Hupimwa kwa walioibeba, na si kwa idadi yao pekee. Shahidi mzito mmoja huweza kuwashinda wepesi wengi.

Lakini elimu ya hadithi inakwenda hatua moja ambayo hesabu ile haikuweza kwenda. Mpokezi kwetu huulizwa mambo mawili: uadilifu wake, na udhibiti wake wa alichokisikia. Ni mkweli? Anahifadhi sawasawa? Maimamu walisafiri miji kwa miji kuwauliza watu hayo, na wakaandika juzuu kwa juzuu za majina ya wapokezi, huyu thiqa, mwenye kuaminika, huyu dhaifu, huyu ameachwa. Kiungo cha wavuti hakisemi neno juu ya uadilifu wa aliyekiweka. Kinasema tu kwamba ameelekeza. Ndiyo maana kinachopatikana mwisho wa hesabu ile, kwa istilahi yetu, ni mashuhuri, na mashuhuri si lazima iwe sahihi. Ile habari ya kutafuta elimu hata Uchina, iliyoko midomoni mwa kila mwenye kutoa hotuba shuleni, Imamu al-Baihaqi ameieleza kuwa matini yake ni mashuhuri na isnadi yake ni dhaifu. As-Sakhawi aliandika kitabu kizima cha habari za namna hiyo, zinazozagaa katika ndimi za watu. Siwalaumu Brin na Page kwa hilo. Kupanga mamilioni ya kurasa kwa umashuhuri wenye mizani ni bora mara nyingi kuliko kuzipanga kwa majigambo ya kurasa zenyewe, na hakuna binadamu angeweza kukaa amchunguze kila mwandishi.

Jambo linalonishughulisha ni la pili, lile la ujira.

Ibn as-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria (1245), amelieleza katika kitabu chake kinachojulikana kwa jina la Mukadima. Kundi la maimamu, wakiwamo Ahmad bin Hanbal, Is-haq bin Rahawaih na Abu Hatim ar-Razi, hawakuikubali riwaya ya mwenye kuchukua ujira kwa kusimulia hadithi. Waliona ujira unamtia mtu tuhuma. Ukilipwa kwa kusema, utatamani kusema zaidi. Wengine wakaruhusu, na kati ya walioupokea ujira huo ni Abu Nuaim al-Fadhl bin Dukain wa Kufa. Huyu alilaumiwa, na jibu lake limesimuliwa: kwamba wanamlaumu kwa kuchukua, ilhali nyumbani kwake mna roho kumi na tatu na hamna hata mkate. Na pamoja na lawama zote hizo, Imamu Bukhari alipokea kwake, na riwaya zake zimejaa katika Sahihi yake. Imamu Ahmad mwenyewe, aliyekuwa mkali katika suala hili, naye alipokea kwake.

Kisha kuna kisa cha Abul-Husain bin an-Naqur wa Baghdad. Wanafunzi wa hadithi walimzonga mchana kutwa mpaka akakosa nafasi ya kuwachumia wanawe. Akamwendea Abu Is-haq ash-Shirazi, mwandishi wa Muhadhab na Tanbih, vitabu ambavyo mashekhe wetu wa Kishafii wa mwambao wanavijua vyema. Abu Is-haq akamtolea futwa kwamba anaruhusiwa kuchukua ujira, kwa sababu wanafunzi hao ndio waliomzuia asichume.

Angalieni ni nani aliyelipa. Katika visa vyote hivi mlipaji ni msikilizaji. Aliyekuja kutafuta habari ndiye aliyetoa dirhamu mfukoni mwake. Hatari iliyowatia wasiwasi akina Ahmad, kubwa kama ilivyokuwa, ilikuwa ni mpokezi kupenda kumpendeza mwanafunzi wake.

Sasa turudi Stanford. Vijana wale nao hawakuwa na mkate. Kazi yao ilifanyika chini ya mradi wa maktaba za kidijitali uliogharimiwa kwa fedha za serikali ya Marekani, lakini fedha hizo hazikutosha kwa njaa ya mtambo wao. Walizunguka pale chuoni yanaposhushwa makasha ya kompyuta mpya, wakiomba waazimwe. Diski zao kumi, kila moja gigabaiti nne, walizipanga ndani ya sanduku lililojengwa kwa matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, na sanduku hilo Stanford imelihifadhi mpaka leo. Agosti 1998, barazani kwa profesa David Cheriton huko Palo Alto, Andy Bechtolsheim, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Sun, aliwaandikia hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., kampuni ambayo ilikuwa haijasajiliwa. Wakaisajili tarehe 4 Septemba. Wakapanga chumba cha kuwekea gari katika nyumba ya Susan Wojcicki huko Menlo Park, kwa kodi ya dola 1,700 kwa mwezi, naye alikuwa akiihitaji kodi hiyo kulipia mkopo wa nyumba. Juni 1999 kampuni mbili za mitaji, Sequoia na Kleiner Perkins, ziliwapa dola milioni 25. Maelfu ya kompyuta za bei rahisi yalikuwa yakila umeme usiku na mchana, maswali yakiongezeka kila wiki, na hakuna aliyeuliza swali akatoa hata senti. Hao ni roho zaidi ya kumi na tatu.

Na ile nyongeza? Iliandikwa kabla ya hundi na mitaji hiyo, wakiwa bado wanafunzi, na inasema wazi kabisa. Injini inayolipwa na wenye matangazo, waliandika, kwa maumbile yake itawaelemea wenye matangazo na kuwapa mgongo wanaotafuta. Wakatoa mfano wa mtambo wao wenyewe. Mtu akitafuta simu za mkononi, tokeo la kwanza lilikuwa ni utafiti unaoeleza namna simu inavyomshughulisha dereva na hatari yake barabarani. Utafiti huo ulipanda juu kwa sababu wengi waliutaja. Wakauliza: injini inayolipwa na wauza simu itaueleza vipi ukurasa huu kwa wanaoilipa? Wakaitaja injini moja, OpenText, iliyoripotiwa kuuza nafasi za juu. Kisha wakasema jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote: wizi wa wazi si hatari sana, kwa kuwa watu watauona wakasirike. Hatari ni upendeleo mdogo, kumwongezea rafiki uzito kidogo, kumpunguzia mshindani kidogo, ambao hata mtaalamu ni vigumu kuugundua. Wakamalizia kwa kusema ni muhimu iwepo injini ya kushindana na hizo, iliyo wazi, na iliyo katika mazingira ya chuo.

Nikawaambia wanafunzi wangu: hapa wamemwona Ghiyath bin Ibrahim bila kumjua. Huyu aliingia kwa Khalifa al-Mahdi, Khalifa akiwa anacheza na njiwa wake. Ipo hadithi inayotaja mashindano yanayoruhusiwa zawadi: ngamia, farasi na mishale. Ghiyath akaisoma kwa isnadi yake yote, na mwisho akaongeza neno moja, bawa, ili njiwa nao waingie. Al-Mahdi akaamuru apewe dirhamu elfu kumi. Alipogeuka kuondoka, Khalifa akasema anashuhudia kwamba hiyo ni shingo ya mwongo, akaamuru njiwa wachinjwe.

Neno moja tu. Hakuitunga hadithi nzima. Na mlipaji hakuwa mwanafunzi aliyekuja kujifunza. Alikuwa mwenye haja na lile neno. Huu ndio mpaka ninaouona, na ninaona hata Ibn as-Salah na wenzake, katika kujadili ujira wa Abu Nuaim, hawakuwa na haja ya kuuandika kwa kuwa kila mtu aliujua: ujira wa msikilizaji una khitilafu ya wanachuoni, ujira wa anayetaka kutajwa hauna.

Mama mmoja darasani, mwenye duka la leso Biashara Street, hakukubali haraka. "Ustadha, mimi mzigo wangu ukifika nisipotangaza, nani atajua? Kutangaza ni dhambi?" La, si dhambi. Mnadi wa sokoni amekuwapo tangu zamani na kazi yake ni halali, akisema kweli. Kila mtu sokoni anajua kwamba mnadi ametumwa na mwenye mali. Ubaya huja pale mnadi anapokalia kiti cha shahidi, na kanzu ya shahidi kaivaa.

Google walilijua hilo pia. Oktoba 2000 walipoanza kuuza matangazo kwa kila mtu mwenye kadi ya benki, waliyaweka pembeni, maandishi matupu, yamezungushiwa rangi yake na kuandikwa juu kwamba yamelipiwa. Wakati huo GoTo, kampuni ya Bill Gross, ilikuwa ikiuza nafasi zenyewe za orodha kwa mnada. Google ilikataa kuuza orodha. Kwa elimu yetu, huku ni kuitenganisha mudraji na hadithi: maneno ya kuchomekwa yakae kando, yajulikane ni ya nani. Al-Khatib al-Baghdadi, ambaye aliisoma Sahihi ya Bukhari kwa mwanamke, Karima wa Marw, pale Makka, kwa siku tano, aliandika kitabu kwa kazi hiyo tu ya kutenganisha. Kwa hiyo siwezi kusema vijana wale walikuwa na nia mbaya. Walitafuta njia ya kula bila kuongeza bawa.

Mashaka yangu ni kama alama ya pembeni inatosha, na sababu yake naijua kutoka nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa na chuo cha watoto hapa Mji wa Kale. Paa likavuja. Mfanyabiashara mmoja akajitolea kuliezeka kwa mabati mapya, akaomba kanzu na juzuu za watoto zinunuliwe dukani kwake. Baba aliwaita wazazi akawaambia mbele yake: huyu ametuezekea, na ameomba mnunue kwake, anayetaka anunue, asiyetaka asinunue. Hakuna aliyeweza kumshtaki kwa kuficha. Lakini waliosikia maneno yale walikuwa ni wazazi wa mwaka ule. Watoto waliokuja baadaye hawakuyasikia, na baada ya muda ikawa ni jambo linalojulikana tu kwamba kanzu ya chuo hutoka duka lile, na aliyekuja na kanzu ya kwingine aliulizwa na wenzake kwa nini. Baba hakubadilisha neno. Tangazo ndilo lililoisha sauti, na mabati yakabaki juu ya vichwa vyetu kila siku.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ile rangi ya matangazo ya Google. Miaka ikipita ilififia, na mwaka 2013 ikaondolewa, ikabaki alama ndogo tu ya neno. Matangazo yaliyokuwa pembeni yamepanda juu ya orodha. Waliozaliwa baada ya mwaka 2000 hawakuwahi kuuona ule utengano wa mwanzo, hawana cha kulinganisha.

Katika barua waliyoiandika mwaka 2004 kampuni ilipoingia soko la hisa, Brin na Page walirudia ahadi yao: matokeo ya utafutaji hayauzwi, na matangazo hutiwa alama, kama gazeti linaloendeshwa vizuri. Nimeisoma barua hiyo kwa heshima, na naamini waliikusudia. Lakini fiqhi ina kanuni kwamba kilichoruhusiwa kwa dharura hukadiriwa kwa kiasi cha dharura. Futwa ya Abu Is-haq ilisimama juu ya sababu: watoto wa Ibn an-Naqur wana njaa na wanafunzi hawampi nafasi. Sababu ikiondoka, hukumu huangaliwa upya. Google ilipata faida yake ya kwanza mwaka 2001. Mkate ulikuwa umefika nyumbani. Nyongeza ya mwaka 1998 ilikuwa na miaka mitatu tu, waandishi wake wangali vijana, na hapo ndipo ningetamani mtu angewafungulia ukurasa ule akawauliza: hali iliyowalazimu imekwisha, sasa mnarudi kwenye kauli yenu?

Hawakurudi, na wala chuo hakikuwarudisha. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu walichokiomba katika nyongeza, injini iliyo katika mazingira ya chuo, kilikuwa kinawezekana. Hataza ya ile hesabu ya viungo iliandikwa kwa jina la Stanford, si la Page. Chuo kikawapa kampuni kibali cha kuitumia, kikalipwa kwa hisa, na mwaka 2005 kikaziuza hisa hizo kwa dola milioni 336. Kisheria hapana kasoro. Lakini hesabu iliyozaliwa kwa fedha za umma, ndani ya chuo, ilikuwa na mlango wa tatu ambao haukufunguliwa, nao ni wakfu.

Ibn as-Salah alipokuwa akisomesha suala la ujira hakuwa akiwaomba wanafunzi wake dirhamu. Mwaka 630 Hijria (1233) Sultani al-Ashraf Musa alifungua Damascus chuo cha hadithi, Daru-l-Hadith al-Ashrafiyya, akakiwekea wakfu wa kuwalisha walimu na wanafunzi, na Ibn as-Salah akawa shekhe wake wa kwanza. Mali ya wakfu ikishatoka mkononi mwa mwenyewe haiuzwi wala hairithiwi. Mwalimu hula humo bila kumwangalia usoni mwanafunzi wala mfanyabiashara. Kwenye wavuti wapo waliojaribu jambo la jinsi hiyo: Brewster Kahle alianzisha hifadhi ya kurasa za wavuti huko San Francisco mwaka uleule wa 1996 ambao Page alianza kukusanya viungo, na mwaka 2001 ikaja Wikipedia. Zote mbili hutegemea michango, na haziliuzii duka lolote nafasi ya kutajwa.

Nilipolisema hili darasani nilidhani nimefika, lakini yule mwanafunzi wa kompyuta alikuwa na pingamizi. "Al-Ashraf alikuwa sultani, Ustadha. Al-Mahdi naye alikuwa khalifa. Tofauti iko wapi? Serikali ikiiwekea injini wakfu, si itataka bawa lake?" Nikamwambia tofauti iko katika sharti: aliyeweka wakfu hawezi kuja kesho kuuongezea neno. Akanijibu kwamba sharti huandikwa na watu na huvunjwa na watu, nami nisingeweza kulikana hilo, kwani nyakfu za mwambao huu zilizoliwa twazijua. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimewasomesha habari za Imamu Nawawi, ambaye alikishika chuo kilekile cha Ashrafiyya miaka ya baadaye na inasimuliwa hakuugusa mshahara wake. Alikula alicholetewa na wazazi wake kutoka kijijini Nawa, na alipohitajika kumpinga Sultani Baibars juu ya mali za raia, alimpinga.

Kwa hiyo hata wakfu unahitaji mtu. Na kama ni hivyo, sioni kwa nini tuukimbie ujira wa Abu Nuaim, ambao angalau maimamu walikhitalifiana juu yake, kwa kuwa mlipaji wake ni yule anayeuliza. Zipo leo injini chache ambazo mtumiaji hulipa kwa mwezi na hazibebi tangazo hata moja. Mama wa leso ameuliza ni shilingi ngapi. Mwanafunzi wa kompyuta anatufanyia hesabu, ya mtu mmoja mmoja na ya darasa zima tukichanga, na ameahidi kuileta tutakapofika mlango wa ujira katika Mukadima, ili tuvisome vyote viwili pamoja.